Mombasa Iliyochezwa Tangier: mazungumzo kuhusu pango, ndoto na muvi

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi usiku kabla hatujaonyesha The Truman Show. Wengi mliniandikia mkasema mvua iliwazuia, wengine mlikwama ferry, basi nimekaa nikayaandika yote jinsi yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha, hazikuwa na maana kubwa na nusu yake zilikataa kufunguka.

Assalaam alaykum. Habari za jioni jamani. Nyinyi wa kule nyuma karibu na mlango nawaona, sogeeni, viti vya mbele viko na hakuna atakayeulizwa swali. Mama, karibu, pitia huku, huko kuna waya utajikwaa.

Haya. Nani hapa ameiona Inception, ile ya Christopher Nolan ya 2010, ya watu wanaoingia kwenye ndoto za wenzao? Hebu mikono juu. Wengi. Na nani anakumbuka kwamba mle ndani kuna Mombasa? Eeh, mnacheka, mwajua ninakoelekea. Leonardo DiCaprio anakuja kwetu kumtafuta jamaa mmoja stadi wa kughushi, anafukuzwa na watu wenye bastola, anakimbia vichochoroni mpaka anafika pahala kuta mbili zimekaribiana, anajibana katikati kama mtu anayejipenyeza ferry saa kumi na mbili jioni.

Mimi siku ya kwanza naiona niliisimamisha. Wallahi niliisimamisha nikasogea karibu na skrini nikaanza kutafuta. Natafuta Ngome, natafuta tuktuk, natafuta hata mtu mmoja tu anayeuza viazi karai. Wapi! Nyumba sizijui, ngazi sizijui, hata jua lilikuwa jua la watu wengine. Baadaye nikaja kujua walishuti Tangier, Morocco, kule juu kabisa mwa Afrika ambako siku hewa ikiwa safi ukisimama ufukweni unaiona Uhispania. Kwa hivyo kuna mamilioni ya watu duniani wameshaiona Mombasa, wanaijua vizuri tu, na wakija hapa labda watatuuliza mbona hamfanani na nyinyi wenyewe.

Nikaudhika. Lakini siku ya pili yake nikawa napita Moi Avenue, nikafika Mapembeni, nikasimama chini ya zile pembe za ndovu nikazigonga kwa kidole. Ngo ngo. Alumini! Pembe kubwa za mji mzima, ziko kwenye kila postikadi, na hakuna ndovu aliyewahi kuzimiliki. Na sisi kila siku tunaambiana tukutane Mapembeni, na tunakutana, hakuna aliyewahi kupotea njia kwa sababu pembe si pembe. Sasa mimi ni nani wa kumgombeza Nolan?

Hilo ndilo swali la usiku huu na si geni, lina zaidi ya miaka elfu mbili na mia tatu. Unachokiona ni kitu au ni kivuli cha kitu? Na ukishajua ni kivuli, halafu? Hilo la "halafu" ndilo ninalolitaka mimi, maanake naona muvi zetu zinalikimbia.

Turudi nyuma kidogo, twende Athens, mwaka wa 375 hivi kabla ya Kristo. Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, anaandika kitabu kirefu kuhusu mji ulio bora, na katikati ya kitabu anaweka hadithi ya pango. Wengi mmeisikia lakini nataka niisimulie taratibu maanake watu huisimulia nusu. Kuna pango chini ya ardhi, na ndani kuna watu wamefungwa tangu utotoni, wamefungwa miguu, wamefungwa shingo, hawawezi hata kugeuza kichwa, wanaona ukuta wa mbele yao tu. Nyuma yao, juu kidogo, kuna moto unawaka. Kati ya moto na wao kuna kijia, na kwenye kijia kuna kikuta kifupi, na nyuma ya kile kikuta wanapita watu wamebeba sanamu, za binadamu, za wanyama, za mawe na za mbao, wameziinua juu kama wachezesha vikaragosi. Moto unatupa vivuli vya sanamu ukutani. Na wabebaji wakizungumza, sauti inagonga ukuta inarudi, wafungwa wanadhani kivuli ndicho kimesema.

Hebu niambieni, hiyo kama si vidio, lile banda la kuonyeshea muvi mtaani, ni nini?

Giza lipo, mwanga unatoka nyuma, watu wamekaa wameangalia upande mmoja, na sauti inatoka pengine kabisa. Sisi hapa Afrika Mashariki ndio tunaoijua vizuri ile sauti. Umekaa unaangalia muvi ya Kichina, na anayekwambia nani kasema nini ni DJ Afro, au ukiwa Dar ni marehemu Lufufu, anatafsiri, anaongeza chumvi, anamtukana adui, anamwonya steringi ageuke nyuma, na dakika ya ishirini wewe umeshasahau kabisa kwamba yule Mchina hakusema hivyo, huenda hata alikuwa anauliza bei ya mchele. Plato aliuweka ule mwangwi kwenye pango na wasomi wengi wanaupita haraka haraka. Sisi tulilipa kiingilio kuusikiliza.

Na kuna jambo jingine mle pangoni. Wale wafungwa, anasema Plato, walikuwa na tuzo. Aliyekuwa mwepesi wa kukumbuka kivuli gani hutangulia na kipi hufuata, akaweza kubahatisha kitakachokuja, huyo alipewa heshima. Mnamkumbuka huyo? Kila vidio ilikuwa na mtoto wa hivyo! Yule aliyeiona muvi jana na leo kairudia, anakaa mbele anatangaza: "Sasa hivi atatokea nyuma ya mlango." Na kweli anatokea. Tulimwogopa kama mganga.

Sasa nitawaambia kisa changu, na sijawahi kukisimulia mbele ya watu.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Kulikuwa na vidio mtaani kwetu, chumba cha mabati matupu, ndani mabenchi, mbele TV moja imefungiwa kwenye kikasha cha waya isiibiwe, mlangoni blanketi jeusi limetundikwa kuzuia mwanga. Kiingilio shilingi tano. Siku hiyo saa nane mchana, jua la kaskazi linachoma nje, sisi ndani tumebanana kama dagaa, jasho linatiririka, steringi ndio kwanza anapanda ghorofa kwenda kumtafuta adui, mara paap! Stima zikapotea.

Mwenye vidio akasimama mlangoni akasema asitoke mtu, stima zitarudi sasa hivi, maanake ukitoka utadai pesa yako. Tukakaa. Giza. Watu wananong'ona, watoto wanafinyana. Baada ya dakika kadhaa macho yakaanza kuzoea, na kwenye ukuta wa ndani, ule unaotazamana na upande wa barabara, tukaona kitu kinatembea.

Ulikuwa mkokoteni. Magurudumu juu. Anayeusukuma kichwa chini miguu juu, anakwenda zake polepole. Chini yake kulikuwa na buluu, na ile buluu ilikuwa ni mbingu, mbingu imekaa chini kabisa karibu na miguu yetu. Akapita mwanamke wa buibui amebeba mtungi wa njano, naye anatembea kichwa chini kama popo, na ile njano naiona mpaka leo. Hakuna sauti. Hakuna TV. Mtoto mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Mwenye vidio mwenyewe kanyamaza kimya.

Kulikuwa na rafiki yangu, simtaji, yeye alikuwa amekaa ukingoni kabisa ameegemea bati la barabarani. Akaona kitundu cha msumari, msumari uling'oka, mwanga unaingia. Akakiziba kwa kidole. Mkokoteni, mbingu, mama wa buibui, vyote vikapotea! Akatoa kidole, vikarudi. Akaziba tena. Akatoa. Kisha akasema "ngojeni" akapenya chini ya blanketi akatoka mbio. Tukangoja. Mara ukutani tukaona mtoto kichwa chini anarukaruka anapunga mikono miwili. Chumba kizima kikapiga ukelele.

Na hapo hapo stima zikarudi.

TV ikawaka, steringi akaendelea kupanda ngazi zake, ukuta ukawa ukuta. Rafiki yangu akarudi anahema, "Mliniona? Ni mimi yule! Ni mimi!" Unajua tulimwambia nini? Tulimwambia kaa chini wewe, twaangalia. Na hata kukaa hakukaa maanake mwenye vidio alimdai shilingi tano nyingine, eti katoka, na hakuwa nayo. Tukawa twamsikia nje anagonga mabati, "Ni mimi yule!" Mtu akarusha champali kwenye bati ili anyamaze. Mimi ni mmoja wa waliompigia kelele. Muvi yenyewe siikumbuki hata ilikuwa ipi.

Mnacheka, lakini ngojeni.

Kile kitundu cha msumari si uchawi. Miaka elfu moja iliyopita mtu wa Basra, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa 965 akaja kuishi Cairo, alikaa kwenye chumba cha giza akaangalia mwanga unavyopita kwenye tundu dogo, akaeleza kwamba jicho linaona kwa sababu mwanga unaingia ndani yake, wakati wakubwa wengi kabla yake walishikilia kwamba jicho ndilo linalotoa miale kwenda kukigusa kitu. Kwenye kitabu chake kikubwa kuhusu kuona alitenga sehemu nzima ya makosa ya macho, namna jicho linavyodanganyika na akili ikaidhinisha ule uongo. Kamera zote tulizo nazo, hata hiyo ya simu yako unayonirekodi nayo hapo mbele, ni chumba cha giza chenye tundu. Vidio yetu ile ilipokosa stima ikageuka kuwa kamera, na tukawa tumekaa ndani yake.

Sasa turudi kwa Plato, maanake hadithi haijaisha, na hapa ndipo muvi zinapoanza kuchukua kipande na kuacha kipande.

Mfungwa mmoja anafunguliwa. Plato hasemi anafurahi! Anasema anaumia. Shingo haijawahi kugeuka, anageuzwa. Macho yanamuuma kwa ule moto, anataka kurudi kwenye vivuli vyake anavyovijua. Anakokotwa kwa nguvu kwenye njia mbaya yenye mwinuko mpaka nje, na nje haoni kitu, jua limempofusha. Anaanza na vivuli vya nje, kisha anaona sura za vitu kwenye maji, kisha vitu vyenyewe, kisha usiku anatazama nyota na mwezi, na mwisho wa yote ndipo anaweza kulitazama jua.

Matrix ya 1999, ya wale ndugu wawili Wachowski, ambamo watu wamelazwa na mashine wanaota ulimwengu wa uongo wakidhani ni wa kweli, imekichukua kipande hiki karibu kama kilivyo. Neo, steringi, anatolewa kwenye lile pipa la majimaji alimolazwa, yuko kitandani, anauliza mbona macho yananiuma, na Morpheus, kiongozi wa waliomtoa, anamjibu kwamba hajawahi kuyatumia. Ukiijua ile hadithi ya pango unaruka kwenye kiti. Na juu ya mlango wa jikoni kwa yule mama mtabiri kuna kibao cha Kilatini chenye maneno "jitambue", yale yale yaliyokuwa kwenye hekalu la Apollo kule Delphi, ambako Sokrate anahusishwa sana. Wamesoma hao watu. Wameweka hata kitabu cha mwanafalsafa wa Kifaransa, Jean Baudrillard, Neo amekitoboa ndani anafichia disketi zake, na mzee mwenyewe alipoulizwa akalalamika kwamba hawakumwelewa, kwamba wamechukua tatizo jipya wakalirudisha kwenye lile la Plato. Ndiyo hivyo, ukitoboa kitabu cha mtu kuweka magendo usitarajie ashukuru.

Truman Show, tutakayoiona sasa hivi, ilitangulia mwaka mmoja, 1998, Peter Weir ndiye mwongozaji. Ambao hamjaiona mnisamehe, nitawaharibia, lakini muda mlikuwa nao. Jim Carrey ni Truman, miaka thelathini anaishi kwenye mji mzuri ajabu bila kujua kwamba mji ni studio, mbingu ni dari, mke ni mwigizaji, rafiki ni mwigizaji, na kuna kamera elfu tano zinamtangaza dunia nzima usiku na mchana. Siku moja taa inaanguka kutoka mbinguni. Paa! Imeandikwa Sirius. Nyota imeanguka barabarani, ina vioo na nyaya. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na Truman kaokota kipande cha alichoundiwa.

Na muone mzaha uliomo. Ule mji wa uongo wa Truman walishuti kwenye mji wa kweli, unaitwa Seaside, uko Florida, una watu wanaishi humo. Kwa Nolan mji wa kweli unaigizwa na mji mwingine, kwa Weir mji wa kweli unaigiza mji wa uongo. Sijui hapo Plato angekaa upande gani!

Lakini kuna tofauti moja kubwa na watu hawaisemi. Kwenye pango la Plato wafungwa ni wengi na hakuna anayejua. Kwa Truman mfungwa ni mmoja, na wote waliomzunguka wanajua. Mkewe anajua, mamake anajua, anayemuuzia gazeti anajua. Hao si wafungwa wenzake, hao ndio wanaobeba sanamu nyuma ya kikuta. Je, wafungwa wako wapi basi? Wako upande wa pili wa TV. Yule jamaa ndani ya beseni la kuogea, wale bibi wawili wamekumbatia mto, wale wahudumu wa baa, walinzi wa maegesho ya magari. Wamefungwa shingo wanaangalia upande mmoja, na hakuna aliyewatia minyororo. Mkiangalia muvi leo msimwangalie Truman peke yake, waangalieni hao.

Basi Truman anashinda woga wa maji, anapanda mashua, anapigwa dhoruba ya kutengenezwa, na ghafla ncha ya mashua inatoboa mbingu. Anaushika ule ukuta kwa kiganja. Anaupiga ngumi. Anatembea pembeni mpaka anakuta ngazi na mlango, anainama kuaga kama mwigizaji jukwaani, anatoka. Watu wanashangilia. Muvi imekwisha.

Imekwisha! Ndugu zangu, Plato hapo alikuwa hata hajafika kwenye jambo lake.

Maanake Plato anamrudisha. Yule mtu kaliona jua, anawakumbuka wenzake, anawahurumia, anashuka tena pangoni. Na akishuka haoni, maanake katoka kwenye mwanga kaingia kwenye giza, anapapasa, anajikwaa. Wanamwambia atabiri kivuli kitakachofuata, anashindwa, yeye ambaye zamani labda alikuwa bingwa. Wanamcheka. Wanasema huyo kaenda juu karudi macho yameharibika, kwenda huko hakufai hata kujaribu. Na akijaribu kumfungua mtu minyororo, wakiweza kumshika watamuua.

Na haya Plato anayatia mdomoni mwa nani? Mwa Sokrate. Mwalimu wake. Ambaye alikwisha hukumiwa na watu wa Athens mwaka wa 399 kabla ya Kristo akanyweshwa sumu, Plato akiwa bado kijana. Mtu aliyeuawa zamani amekaa kwenye kitabu anasimulia, kwa utulivu, kwamba wangemuua. Mimi kila nikifika hapo kwenye kusoma huwa nafunga kitabu kidogo.

Hicho ndicho kipande ambacho Hollywood hawakitaki. Kutoka kunauza tiketi, kuna muziki, kuna mlango, kuna kumbusu mtu. Kurudi ni mtoto anagonga bati kutoka nje anasema ni mimi yule, ni mimi yule, na ndani watu wameshasahau kabisa waliona nini. Mnisaidie, nani ameiona muvi ambayo steringi anajua ukweli, anarudi nyumbani, anachekwa, na dakika zote zilizobaki ni kuchekwa tu? Zipo labda, lakini hazikuletwa kwenye vidio yetu.

Aliyekaribia ni yule msaliti wa Matrix, Cypher, na amekaribia kwa kinyume. Huyu ametoka, ameuona ukweli, na ukweli wenyewe ni uji wa kijivu kila siku, baridi, na nguo zilizotoboka. Anakaa na adui hotelini, ndani ya ule ulimwengu wa uongo, anakata nyama, anaiangalia kwenye uma, anasema najua nyama hii haipo, najua nikiiweka mdomoni ni mashine inaniambia ina juisi na ni tamu. Na anaila. Na masharti yake ya kuwasaliti wenzake? Asikumbuke chochote, awe tajiri, awe mtu maarufu, kwa mfano mwigizaji wa sinema. Mwigizaji! Ndani ya sinema, anayeigiza kwamba anataka kusahau. Nilipoliona hilo nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Tumlaumu? Mimi kijana ningemlaumu. Sasa nina bili za stima na mtoto asiyelala, ile nyama naiona ikitoa moshi.

Na hapa nawarudisha Mombasa, ile Mombasa ya Tangier. Baada ya zile mbio za vichochoroni wanakwenda kwa Yusuf, mtengeneza dawa ya usingizi, anawateremsha chini ya duka lake. Kuna chumba cha giza na watu kumi, kumi na mbili hivi wamelala kwenye vitanda wameunganishwa nyaya, kuna kizee anawaangalia. Wanakuja kila siku, wanalala saa tatu nne, na ndani ya ndoto kwa dawa ile ni kama saa arobaini. Mmoja anauliza, kwani wanakuja hapa kulala? Yule mzee anajibu hapana, wanakuja kuamshwa. Ndoto ndiyo imekuwa kweli kwao, na wewe ni nani wa kusema vingine.

Pango liko Mombasa, jamani! Chini ya duka! Na halina minyororo, watu wanaingia kwa miguu yao. Hapo Nolan, mtu wa London, kaweka jambo ambalo Plato hakulifikiria sana, pango lenye foleni mlangoni.

Upande wa Uchina, karibu zama zile zile za Plato, kulikuwa na mwanafalsafa Zhuangzi, jina lake lenyewe Zhuang Zhou, ambaye yeye hata hataki kukutoa pangoni. Anasema aliota yeye ni kipepeo, anaruka huku na huku, ameridhika, hajui kama kuna mtu anaitwa Zhuang Zhou. Akaamka, naam, ni Zhou. Lakini sasa hajui, ni Zhou aliyeota kuwa kipepeo, au ni kipepeo sasa hivi anaota kuwa Zhou? Anaishia hapo hapo karibu. Hakuna jua, hakuna ngazi, hakuna wa kumwokoa mwenzake. Ukiwauliza wengi Inception imetoka wapi watasema Plato, mimi nasema ni mtoto wa yule kipepeo. Pale mwisho DiCaprio anazungusha kile kipia chake mezani, kikianguka yuko macho, kisipoanguka yuko ndotoni, na kabla hatujajua skrini inakuwa nyeusi. Watu wamegombana miaka na miaka, kilianguka hakikuanguka. Nolan mwenyewe alikuja kusema kwenye hotuba ya wahitimu kule Princeton, 2015, kwamba jamaa alikuwa ameshakwenda kwa watoto wake, hajali tena. Hakuangalia. Sisi ndio tuliobaki tumekodoa macho kwenye kipia.

Na India nao, nitapita haraka muda unaniishia, wana mfano wao wa kamba na nyoka, mwanafalsafa Shankara wa karne ya nane hivi aliutumia sana. Unaingia chumbani magharibi, unaona nyoka kwenye kona, moyo unadunda, jasho linakutoka, unaleta taa, kumbe ni kamba. Sisi tunao wetu, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nyoka hakuwepo lakini jasho lilikuwepo, ukiligusa linalowesha kidole. Na kamba ilikuwepo! Hilo ndilo ninalolipenda kwa wale wazee wa India, hukukiona kisichokuwepo kabisa, ulikiona kilichopo ukakisoma vibaya. Neo kule kwenye Matrix anawamiminia maadui wakubwa risasi na haziwapati, mpaka zile dakika za mwisho anasimama kwenye korido, anawaona wale maadui kama maandishi ya kijani yanayoteremka, anaona kamba, na risasi anazisimamisha kwa kiganja. Fimbo ilikuwa haina kazi tangu mwanzo, ilitakiwa taa.

Nimeona saa. Bado moja tu, nililoliahidi kuhusu wale watazamaji.

Truman akishatoka mlangoni, mtangazaji anazima matangazo, skrini inakuwa chenga tupu. Dunia nzima inashangilia, yule wa beseni anarusha maji, wale bibi wanalia wamekumbatiana. Miaka thelathini wamemwangalia mtu huyu akila, akilala, akioa. Kisha kamera inakwenda kwa wale walinzi wawili wa maegesho, wana pizza mkononi. Mmoja anauliza, kwingine kuna nini? Mwenzake anauliza kile kijitabu cha vipindi kiko wapi.

Haya, kijana wa projekta uko tayari? Mama hapo kwenye waya, vuta kiti kidogo huku. Zimeni taa.